Somo la Nyungunyungu

Kila asubuhi, kabla kengele ya kipindi cha kwanza haijalia, Profesa Majani alikuwa ameshainama. Ukimtafuta ofisini utapoteza muda wako bure. Nenda nyuma ya maabara, pale palipokuwa jaa la vifusi vya ujenzi, utamkuta amevaa viatu vyake vya mpira, kipimajoto mkononi, anafunua majani makavu ya kipande cha kwanza kama mama anayefunua shuka kuangalia kama mtoto kalala. Akisharidhika, au asiporidhika, anafunika, anaandika kwenye daftari, anasogea kipande cha pili. Vipande vilikuwa kumi na viwili, kila kimoja hatua tatu kwa tatu, na kila kimoja kilikuwa na kundi lake la wanafunzi.

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa refu na la heshima, lakini nani alilikumbuka? Wanafunzi walimbatiza Profesa Majani mwaka ule aliposimama mbele ya gari la taka, langoni kabisa, akakataa kupisha mpaka wapakiaji wamrudishie magunia saba ya majani yaliyofagiwa chuoni. Somo lake nalo liliandikwa kwenye mtaala kwa maneno ya kukata pumzi: Uongozi wa Kuhuisha na Ufundishaji wa Mazingira. Wanafunzi waliliita Somo la Nyungunyungu, basi. Lilikuwa somo la watu ambao kesho watakuwa walimu na wakuu wa vyuo, na mtihani wake ulikuwa wa peke yake. Mnapewa kipande cha ardhi iliyokufa mwanzoni mwa mwaka, mnakirudishia uhai kwa majani na samadi na akili zenu, na mwisho wa mwaka kinachimbwa mbele ya watu wote, nyungunyungu wanahesabiwa.

"Kiongozi," aliwaambia kila mwaka siku ya kwanza, ameshika bonge la udongo gumu kama tofali, "ni mtu anayeondoka mahali akapaacha pana uhai kuliko alivyopakuta. Mengine yote ni viti na mihuri."

Maneno matamu, na aliyaamini. Ila nyani haoni kundule, na Profesa wetu tunampenda lakini kweli tutaisema. Mwanamke huyu hakuwahi kuacha kitu kikae chenyewe siku mbili. Chai ya mumewe aliikoroga yeye. Barua iliyochapwa vizuri na katibu muhtasi aliichapa upya, akahamisha mkato mmoja tu. Na alikuwa na msaidizi aliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, ambaye hakuwahi kumaliza sentensi mbele yake.

Msaidizi huyo ndiye Mwalimu Mdogo. Alifika chuoni binti wa miaka ishirini, na muhula wake wa kwanza upepo ukaezua paa la bweni. Profesa akamchukua nyumbani kwake akae wiki moja, wiki ikazaa miaka miwili. Alipoolewa, Profesa ndiye aliyekaa upande wa mama, akalia kuliko mama mwenyewe. Sasa Mwalimu Mdogo alikuwa na miaka thelathini na saba, mume, mapacha na mvi tatu alizozijua moja moja, na bado aliitwa Mdogo kwa kuwa Mkubwa alikuwepo. Kasoro yake, kama ni kasoro, ilikuwa moja. Ukimuuliza swali hakujibu papo hapo. Aliligeuza kwanza, akaliangalia huku na huku, ndipo akafungua kinywa. Na Profesa, ambaye kimya kilimwasha kama upupu, alikuwa ameshajibu.

Wiki tatu kabla ya mwaka wa masomo kwisha ikaja barua kutoka Kamati ya Taaluma. Profesa alikuwa anastaafu, hilo lilijulikana. Lililokuwa halijulikani ni kwamba somo lake nalo lingeweza kustaafu naye. Kamati iliandika kwamba somo litaendelea endapo tu itaridhika kuwa lina mwalimu wa kuliongoza, na kwamba mwalimu huyo afike mwenyewe mbele ya kamati Jumanne ya mwisho wa mwezi. Kamati isiporidhika, somo litafutwa na eneo la nyuma ya maabara litawekwa lami kuwa maegesho ya magari.

"Lami!" Profesa alimwambia katibu muhtasi, ambaye ndiye aliyempelekea barua. "Juu ya vipande vyangu!"

"Mwalimu Mdogo ataenda kuwaeleza, Profesa," katibu akasema. Alikuwa mama wa makamo aliyewaona wakuu wa idara watano wakija na kwenda, na hakuna hata mmoja aliyemtisha.

"Ataenda. Lakini lazima nimwandae."

Kumwandaa kulikuwa hivi. Mwalimu Mdogo anasimama kwenye kona ya ofisi, Profesa anakaa kwenye kiti na kujifanya kamati nzima.

"Swali la kwanza. Somo hili linamsaidia nini mwanafunzi ambaye hataki kulima?"

Mwalimu Mdogo akatazama dirishani. "Mwanafunzi huyo..." alianza.

"Usitazame dirishani, tazama kamati. Na usianze na mwanafunzi, anza na takwimu."

"Sawa, Mama. Takwimu zinaonyesha..."

"Zipi? Zitaje! Watu themanini na wawili wanaongoza shule na vyuo hivi sasa, wote wamepita kwenye mikono yetu. Sema kwa nguvu. Kifua mbele. Enhe, endelea."

"Umeshamaliza, Mama," Mwalimu Mdogo akasema kwa upole, na katibu muhtasi kule nje akakohoa kuficha kicheko.

Walifanya hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana. Kadiri siku zilivyokwenda, Mwalimu Mdogo alizidi kunyamaza na Profesa alizidi kupata hofu. Maana hofu yake ilikuwa ya kweli, tusimcheke sana. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameiweka pale chini, nyuma ya maabara. Kwenye mawazo yake alimwona binti yake huyo wa kulea amesimama mbele ya meza ndefu ya kamati, ameulizwa swali, amenyamaza, na wazee wanatazama saa zao. Alikuwa anaona lami kabisa, nyeusi, mpaka harufu yake.

Siku ya kuhesabu nyungunyungu iliangukia Alhamisi, siku tano kabla ya kamati. Wanafunzi walitandika turubai jeupe chini. Kila kundi lilichimba koleo tano kutoka kipande chake, likamwaga udongo juu ya turubai, wakaupekua kwa vidole huku Mwalimu Mdogo akihesabu kwa sauti na Profesa akihesabu kimoyomoyo kuhakikisha.

Kipande cha kwanza, nyungunyungu sita. Cha pili, wanne. Cha tatu, saba, na mmoja wao alikuwa amekatwa na koleo, ikabidi wabishane kama ni mmoja au wawili. Hivyo hivyo mpaka cha kumi na moja. Kilichoongoza kilikuwa na tisa. Matokeo ya kila mwaka, si haba, si ya kupigiwa vigelegele.

Kikabaki kipande cha kumi na mbili. Hiki kilikuwa ng'ambo ya mtaro, nyuma ya tangi la maji, na tangu mwaka wa masomo uanze goti la Profesa lilikuwa limegoma kabisa kuvuka mtaro ule. Aliwaachia wenyewe wakipime kila siku na kumletea daftari. Daftari lao ndilo lililokuwa safi kuliko yote, hata akalionyesha kwa wengine kuwa mfano. Kiongozi wa kundi, msichana mrefu aliyeogopa nyungunyungu kuliko nyoka, alisimama mbali na turubai mikono nyuma.

Koleo ya kwanza ilipomwagwa, watu walipiga kelele. Udongo ulikuwa mweusi, unavunjika kwa kuguswa, na ulikuwa unatembea. Mwalimu Mdogo alianza kuhesabu, akafika ishirini, akazidi kupaza sauti kwa furaha. Koleo tano zilipokwisha walikuwa sitini na mmoja.

"Hesabu tena," Profesa akasema.

Wakahesabu tena. Sitini na wawili. Mmoja alikuwa amejificha kwenye bonge.

"Ni tangi," Profesa akasema. "Tangi linavuja, ndiyo maana pana unyevu."

"Tangi halina maji tangu muhula uliopita, Profesa," mwanafunzi mmoja akajibu. "Tunachota kule bwenini."

Hapo yule msichana mrefu akashindwa kuvumilia. "Profesa, naomba nitubu," akasema, machozi yanamlengalenga. "Sisi hatukupima hata siku moja. Mimi nawaogopa hawa. Siku ya kwanza tulimwaga samadi, tukafunika majani mengi mpaka magotini, hatukufunua tena. Vipimo vyote vya kwenye daftari tulivipika."

Kicheko kilichopasuka hapo kilifika mpaka maktaba. Hata Profesa mdomo ulimcheza. Lakini kicheko kilipotulia, mwanafunzi wa kundi la tatu akauliza swali lililokuwa kwenye vichwa vya wote.

"Kwa hiyo vyetu tulikuwa tunaviharibu kwa kuvifunua kila siku? Mwalimu, wewe unaonaje?"

Alimuuliza Mwalimu Mdogo. Mwalimu Mdogo alitazama udongo uliokuwa mkononi mwake. Akaugeuza. Akafungua kinywa.

"Anaona kama ninavyoona mimi," Profesa akadakia, "kwamba kipande kimoja si ushahidi. Tunahitaji vipimo zaidi."

Mwalimu Mdogo akafunga kinywa. Aliweka udongo chini taratibu, akanawa mikono kwenye ndoo, akaondoka bila kumuaga mtu. Wanafunzi wakaanza kutazama viatu vyao.

Katibu muhtasi alimngoja Profesa mlangoni. "Nisiposema nitapasuka," akasema. "Mwalimu Mdogo amechukua fomu ya uhamisho. Jumatatu amechukua. Alinikataza nisikwambie, nami nimekula kiapo, lakini kiapo changu nitajuana nacho mwenyewe."

"Uhamisho kwenda wapi?"

"Chuo kingine chochote kitakachompokea. Fomu haikuandikwa wapi, imeandikwa kutoka hapa."

Profesa alirudi nyumbani mchana ule kwa miguu, na goti lake halikulalamika, maana lilijua leo hakuna wa kulisikiliza. Mumewe alikuwa mezani karibu na dirisha. Alikuwa fundi saa tangu ujana, na kustaafu hakukumzuia. Saa za jirani na za jirani wa jirani zilikuwa zimejipanga mbele yake matumbo wazi.

"Kuna nini?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Hakuna."

"Hiyo hakuna yako ina pua imevimba."

Akamwambia yote. Alimwambia kuhusu sitini na wawili, na daftari lililopikwa, na fomu. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, akatoa kioo jichoni.

"Nikuulize. Saa ya mtu nikishaitengeneza nafanyaje?"

"Unaifunga."

"Halafu nafungua tena asubuhi nichungulie kama inatembea?"

"Ukiifungua vumbi litaingia, wewe!"

"Enhe," akasema, akarudisha kioo jichoni. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na minane, hakuona haja ya kuongeza. Aliongeza hata hivyo: "Na chai yangu leo nitaikoroga mwenyewe."

Profesa hakucheka. Aliingia chumba cha vitabu, akafungua kabati la ripoti za miaka ya nyuma. Alikuwa anakumbuka kitu, na alitamani asikikute. Alikikuta. Ripoti ya mwaka wa saba wa somo, iliyoandikwa na Mwalimu Mdogo, ukurasa wa mwisho: *Napendekeza tusifunue vipande kila siku. Tunapofunua, unyevu unapotea na viumbe wanahama. Nadhani udongo unahitaji kuachwa.* Chini yake, kwa wino mwekundu na mwandiko wake mwenyewe: *Bila vipimo hakuna sayansi. Bado hujafikia hatua ya kutoa hitimisho.* Na sahihi juu yake, ya mbwembwe.

Miaka minne binti yule alikuwa analijua jibu. Miaka minne alikuja kila asubuhi akamshikia daftari, akaona vipande vikifunuliwa, akaitika "Sawa, Mama." Profesa alikaa kitini na ripoti mapajani. Aliona aibu, aibu ya kweli ile inayopandisha joto masikioni, na nyuma ya aibu palikuwa na upendo mwingi usiojua pa kujiweka. Alimpenda mtoto yule kuliko somo. Hakuwahi kufikiri kwamba ingefika siku ya kumthibitishia.

Asubuhi ya Ijumaa hakwenda kwenye vipande. Alikwenda ofisi ya Mwalimu Mdogo, ambayo kwa kweli ilikuwa stoo: majembe ukutani, ndoo zilizopangana, magunia, dirisha moja, na katikati ya vyote hivyo meza ndogo. Fomu ilikuwa juu ya meza. Ilikuwa imejazwa yote isipokuwa mstari wa chini, wa sahihi ya mkuu wa idara, yaani Profesa mwenyewe.

Mwalimu Mdogo alisimama. "Mama, nilitaka kukwambia mwenyewe..."

Profesa alitaka kusema, "Najua, mwanangu." Akajing'ata. Akasubiri. Lo, kumbe kusubiri ni kazi ya kutoa jasho.

"...baada ya kamati," Mwalimu Mdogo akamalizia, akashangaa kuona amemaliza.

"Nimesoma ripoti yako ya mwaka wa saba," Profesa akasema. "Ulikuwa sahihi. Mimi nilikosea, na nilikuwekea wino mwekundu juu ya ukweli. Na jana nilikufunga mdomo mbele ya wanafunzi wako. Nisamehe."

Mwalimu Mdogo aliligeuza neno lile kama alivyozoea. Nje mtu alikuwa anaburuta toroli.

"Siondoki kwa sababu sikupendi," akasema mwishowe. "Naondoka kwa sababu nikiwa karibu yako sijui mawazo yangu yako wapi. Kila nikilitoa moja, umeshalishika wewe."

Lilichoma. Profesa akavuta kiti, akakaa, akaivuta fomu, akachomoa kalamu mfukoni. Akatia sahihi kwenye ule mstari wa chini, bila mbwembwe, akamrudishia.

"Hii hapa. Ukitaka kwenda, hunihitaji tena kukupa njia. Lakini sitaki ubaki kwa sababu nimekulilia, wala uende kwa sababu nimekubana. Uamue wewe."

Mwalimu Mdogo aliitazama sahihi ile kwa muda mrefu. Kisha akacheka, macho yamejaa machozi. "Na Jumanne? Nikisimama mbele ya kamati nitasema yangu, Mama. Si yale ya mazoezini. Na wewe lazima uwepo, ni kanuni. Utaweza kunyamaza?"

"Nitaweza."

"Hutaweza."

"Nitajikaza kisabuni."

"Mama, wewe hata kwenye arusi yangu ulijibu kabla yangu."

Ilikuwa kweli, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mikono, katikati ya majembe.

Jumanne ikafika. Chumba cha mikutano kilikuwa ghorofa ya pili, meza ndefu, feni inayolia kwa kila mzunguko, wajumbe saba na chupa za maji. Mwenyekiti alikuwa Naibu Mkuu wa Chuo, mkemia wa zamani, mtu mwema wa vikao, aliyependa ripoti jinsi watu wengine wanavyopenda mpira. Profesa aliketi ukutani nyuma ya Mwalimu Mdogo, akaikalia mikono yake yote miwili.

"Mwalimu," Naibu akaanza, "somo hili linamsaidia nini mwanafunzi ambaye hataki kulima?"

Swali lile lile! Profesa alikaribia kuruka. Takwimu zilimjaa mdomoni, watu themanini na wawili, kifua mbele. Mwalimu Mdogo alitazama dirishani. Feni ikalia mara moja, mbili, nne. Mjumbe mmoja akatazama saa. Profesa akahisi jasho likishuka mgongoni, akaibana mikono chini ya mapaja mpaka vidole vikafa ganzi.

"Linamfundisha kukaa na kitu asichoweza kukiharakisha," Mwalimu Mdogo akasema. "Atakuwa mkuu wa shule. Atapewa walimu waliochoka na watoto waliokata tamaa, na ataambiwa alete matokeo kufikia mwezi wa sita. Nataka awe amewahi kuona kwa macho yake ardhi iliyokufa ikiamka, na ajue haiamki kwa kupigiwa kelele."

Mjumbe aliyetazama saa akashusha mkono.

"Na pia," Mwalimu Mdogo akaendelea, "niseme wazi kwamba tumekosea. Kwa miaka kumi tumekuwa tukifunua vipande kila siku kuvipima, na mwisho wa mwaka tunavichimba. Tulikuwa tunakiua kile tulichokitafuta, na tulikiua kwa mapenzi. Kipande kimoja mwaka huu kiliachwa kwa bahati mbaya, na kina uhai mara saba zaidi ya kilichokifuatia. Mwakani hatutafunua. Wanafunzi wataandika wanachokiona kwa nje: maji ya mvua yanakwenda wapi, ndege gani wanakuja, nini kinaota pembeni. Na hatutachimba tena mwisho wa mwaka. Kila kundi litakabidhi kipande chake kwa kundi linalokuja, na wanaopokea ndio watakaosema wamepokea nini. Hizo ndizo alama."

Profesa hakuwa amewahi kusikia wazo hilo. Liliuma, kwa sababu mtihani wa kuchimba ulikuwa wake, alioubuni mwenyewe na kuupenda, na liliuma zaidi kwa sababu hili lilikuwa zuri kuliko lake.

Naibu akaandika kitu, akavua miwani. "Nimependa. Kweli nimependa. Kamati inaweza kupitisha, kwa sharti dogo tu. Ripoti kila mwezi. Hali ya udongo, vipimo, idadi ya hao wadudu. Tukiona kwa miezi miwili hakuna maendeleo, eneo linakwenda kwenye maegesho."

"Hapana," Mwalimu Mdogo akasema.

Feni ikalia. Wajumbe wakatazamana.

"Hapana nini, Mwalimu?"

"Ripoti ya kila mwezi sitaleta. Ili niilete nitalazimika kufunua. Mtapata ripoti moja, mwisho wa mwaka."

Profesa alifumba macho. Kubali, mwanangu. Kubali tu, tutapika vipimo kama kundi la kumi na mbili, lakini kubali! Angekuwa yeye, angekubali zamani, akashukuru na kuwapa mikono. Somo lote lilikuwa linaning'inia kwenye hapana ile moja.

Naibu akageuka ukutani, kama wote walivyozoea kugeuka, miaka nenda miaka rudi. "Profesa, somo ni lako, wewe tunakujua. Hebu msaidie mwenzako aelewe. Kila mwezi si jambo kubwa, au vipi?"

Macho ya wajumbe saba yalimwelekea, na ya mtu wa nane hayakumwelekea. Mwalimu Mdogo hakugeuka nyuma. Profesa aliona shingo yake tu, na zile mvi tatu, na mabega yaliyojikunja kidogo kama mtu anayesubiri kushikwa.

Neno lilikuwepo, tamu, tayari, lenye uzoefu wa miaka yote, na lingeokoa kila kitu isipokuwa mtu mmoja.

"Mwalimu wa somo ameshajibu," akasema. "Mimi sina la kuongeza."

Mjumbe mmoja aliyekaa naye kwenye vikao miaka ishirini aligeuka kumtazama kama mgonjwa. Naibu alitazama mmoja, akatazama mwingine, akapangusa miwani yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Na wewe Mwalimu, mwaka mzima utakuwepo? Nimesikia habari ya fomu."

Mabega ya Mwalimu Mdogo yalikuwa yameshuka.

"Nitakuwepo," akasema.

"Basi ripoti moja," Naibu akasema, akaandika. "Mwisho wa mwaka. Na iwe ndefu, tafadhali."

Walitoka, wakashuka ngazi. Chini, penye mbao za matangazo, Mwalimu Mdogo alisimama akaegemea ukuta. Alikuwa amekunja karatasi zake mpaka zikawa kama kitambaa.

"Mama," akasema, "niambie kweli. Nimekosea wapi?"

Profesa alikuwa amehesabu makosa manne. La kwanza lilikuwa hili: hakutaja watu themanini na wawili. La pili, alisema miaka kumi badala ya kumi na mmoja. La tatu na la nne yalikuwa makubwa zaidi, na dawa ya kila moja ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Alimtazama binti yake, jasho limemlowesha kola, macho yanang'aa.

"Hujala tangu asubuhi," akasema, akamshika mkono. "Twende ukale."

Wakaenda wakala. Mwalimu Mdogo alisimulia kikao chote tangu mwanzo, kana kwamba Profesa hakuwepo, na Profesa aliuliza maswali na kushangaa mahali pa kushangaa. Yale makosa manne hajamwambia mtu mpaka leo, hata mumewe, na mumewe ameuliza mara mbili.